Dozi ileile, panya yuleyule, matokeo mawili

Mairungi (miraa) yanayotafunwa Kampala yana kathinoni, kemikali inayochangamsha, jamaa wa karibu wa dawa ya amfetamini. Ukitaka kupima dawa hizi kwa panya, usiulize tu kama dawa "inachangamsha". Uliza kwanza panya alifundishwa nini.

Mwaka 1955 Peter Dews aliwapa njiwa pentobabitoni, dawa ya usingizi. Waliolipwa chakula kila baada ya midono 50 walidonoa zaidi. Njiwa walipolipwa kwa mdono wa kwanza baada ya dakika 15, walipunguza, kwa dozi ileile ya miligramu 1 hadi 2. Hapo ndipo utamu wa fani hii ya kupima dawa kupitia tabia ulipo.

Panya hushushwa hadi takriban 85% ya uzito wake wa kawaida, afanye kazi kwa njaa. Kazi yenyewe ni kubonyeza wenzo ndani ya sanduku apate punje ya chakula. Subiri ubonyezaji wake utulie ndipo umchome dawa. Kwa dozi ya miligramu 1 kwa kilo, panya wa gramu 300 anapata miligramu 0.3, dawa ikiwa miligramu 1 kwa mililita, hiyo ni mililita 0.3. Siku nyingine mchome maji ya chumvi ya 0.9% ya ujazo uleule, maana sindano yenyewe humshtua.

Mtego mkubwa: amfetamini huua hamu ya kula. Akiacha kubonyeza, huenda hajasahau chochote, hana njaa tu. Mrushie punje sakafuni. Akiipuuza, umepata jibu. Na umeme ukikatika katikati ya kipindi, saa ya sanduku huanza upya. Data ya siku hiyo itupe.