Unakwenda na Nani? Safari za Mtu Mkimya Kigoma na Tabora

Kila ninapofunga duka kwa siku tatu au nne na kuanza kupanga begi, swali la kwanza ninaloulizwa na majirani zangu wa hapa Mwanga, mjini Kigoma, si ninakwenda wapi, bali ninakwenda na nani. Nikijibu kwamba ninakwenda peke yangu, wananyamaza kidogo, kisha mama mmoja ambaye ananipenda kama mwanawe huniuliza kwa sauti ya chini kama nyumbani kuna amani. Namshukuru kwa kunijali, namwambia amani ipo, na ninaondoka nikijua kwamba hakuniamini.

Ninauza dawa. Tangu saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku ninasimama nyuma ya meza ya duka la dawa muhimu nikisikiliza homa za watoto, vidonda vya tumbo na siri ambazo watu hawawaelezi hata ndugu zao, na kazi hiyo ninaipenda kwa moyo wote. Lakini ikifika jioni huwa nimekwisha, kama mtungi uliochotwa maji kutwa nzima, na hakuna kinachonijaza tena isipokuwa kukaa mahali ambapo hakuna anayengoja nizungumze. Kiswahili chenyewe hakina neno zuri kwa hamu hiyo. Upweke una huzuni ndani yake, ukiwa una msiba, na wahenga walikwisha kata shauri kwamba upweke ni uvundo. Faragha ndiyo inayokaribia, ingawa kwa kawaida faragha huombwa kwa ajili ya jambo fulani, iwe mazungumzo au ibada, wala haiombwi kwa ajili yake yenyewe.

Mtaalamu wa nafsi kutoka Uswisi, Carl Jung, ndiye aliyeeleza kwa kirefu mwaka 1921 tofauti kati ya watu ambao nguvu ya nafsi yao huelekea ndani na wale ambao nguvu hiyo huelekea nje, kwa wenzao. Mimi ninamkumbuka zaidi kwa jambo dogo alilosimulia juu ya safari yake ya Afrika Mashariki mwaka 1925. Alipofika katika mbuga za Athi karibu na Nairobi na kuona makundi makubwa ya wanyama yakilisha kwa utulivu, alitembea mbali na wenzake mpaka wasionekane tena, ili aonje hali ya kuwa peke yake kabisa. Niliposoma habari hiyo nilijisikia kama mtu aliyeonyeshwa ndugu yake ambaye hakuwa akimfahamu.

Mwanzoni nilidhani kwamba ninachotafuta ni mahali pasipo na watu. Jumapili moja nilishuka ufukweni, nikapata jiwe pana lenye kivuli, nikaketi kutazama maji. Haikupita nusu saa walikuwa wamekuja watoto saba, kisha mama yao, kisha mzee mmoja mwenye fimbo, wote kwa wema mtupu, kwa sababu waliamini kwamba mwanamke aliyekaa peke yake akitazama ziwa ana jambo zito moyoni, na kumwacha ingekuwa dhambi. Walikuwa na haki ya kuamini hivyo. Tangu siku hiyo nilibadili namna ya kuchagua safari zangu: siulizi tena ni wapi hakuna watu, bali ninauliza ni wapi ukimya ni sehemu ya kazi inayofanyika pale, ili ukimya wangu nao usihitaji kutolewa maelezo. Maeneo ya namna hiyo, kwa bahati yangu, yapo mengi kati ya Kigoma ninakoishi na Tabora nilikozaliwa.

La kwanza ni Gombe, hifadhi ya sokwe. Boti huondoka Kibirizi, kando ya mji wa Kigoma, kuelekea kaskazini, kwenye vijiji vya Mwamgongo na Kagunga, na hifadhi iko njiani, ukanda mwembamba wa milima na mabonde ulioanguka moja kwa moja ziwani. Imekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 1968. Ndani ya boti kuna magunia, kuku, akina mama wanaorudi kutoka sokoni na injini yenye kelele kiasi kwamba baada ya salamu kila mtu hubaki na mawazo yake. Ukishuka mchangani, boti ikazunguka na kuondoka, ule mlio hupungua polepole mpaka ukasikia mawimbi madogo yakigusa mawe, na kwangu mimi dakika hiyo peke yake inatosha kulipia nauli.

Huko msituni kimya ni amri, na hilo ndilo linalonipendeza. Mwongozaji hukueleza mapema kwamba sauti iwe ya chini, kwamba utavaa barakoa ukiwakaribia sokwe kwa sababu magonjwa yetu ya kifua huwapata na wao, na kwamba utasimama mbali nao. Baada ya hapo mnapanda bonde kimyakimya, mkisikiliza. Sokwe husikika kabla ya kuonekana, mmoja akiita bondeni na wengine wakimjibu kutoka juu, sauti ikipanda mpaka msitu wote unatetemeka, kisha inakatika ghafla. Nilipowaona mara ya kwanza, mama alikuwa amelala chali na mtoto juu ya tumbo lake, na sisi watu wanne tulisimama pale kwa muda mrefu bila yeyote kusema neno, wala hakuna aliyeona kwamba mwenzake ana majivuno au ana huzuni.

Jane Goodall, mtafiti wa sokwe kutoka Uingereza, alifika Gombe tarehe 14 Julai 1960, akiwa na umri wa miaka 26, na alikuja pamoja na mama yake kwa sababu wakuu wa serikali ya kikoloni hawakukubali msichana akae msituni bila mwenzake. Hata yeye, basi, aliulizwa anakwenda na nani. Kwa miezi kadhaa sokwe walimkimbia, naye akawa anapanda kilele kimoja, anaketi na darubini yake, anatazama na kungoja, siku baada ya siku, mpaka walipozoea kwamba kiumbe yule hana madhara. Kabla mwaka haujaisha alimwona dume aliyempa jina la David Greybeard akitumbukiza bua la nyasi kwenye kichuguu na kulichomoa likiwa limejaa mchwa, wakati ambapo wataalamu walishika kwamba ni binadamu peke yake anayetengeneza na kutumia zana. Ninaamini kwamba mtu wa maneno mengi asingeliona jambo lile. Aliishi hadi miaka 91, akafariki tarehe 1 Oktoba 2025, na jioni ya siku habari ilipotufikia nilishuka hadi Kibirizi, nikasimama nikitazama kaskazini mpaka giza lilipoingia.

Kilele kile bado kinapandwa. Mara ya mwisho nilipofika juu nilimwambia mwongozaji, "Kaka, naomba tukae hapa bila kuzungumza." Akajibu, "Hata mimi napenda hivyo, dada. Wageni wengi hutaka nieleze kila kitu." Tukakaa. Ziwa lilikuwa jeupe kama bati, na ng'ambo milima ya Kongo ilionekana na kupotea kadiri ukungu ulivyosogea.

Mahale, hifadhi nyingine ya sokwe iliyoko kusini zaidi, ni kubwa kuliko Gombe kwa mbali sana, kilomita za mraba zipatazo 1,600, na mlima wake Nkungwe hufikia mita 2,462. Ndani yake hakuna barabara, kwa hiyo hufika mtu wa boti na miguu tu. Nimekwenda mara moja, na gharama yake ilinichukua mwaka mzima wa akiba. Mwenye uwezo asisite.

Asiye na uwezo huo ana ziwa lenyewe, ambalo halitozi kiingilio. Watu wa mbali hulisifu Ziwa Tanganyika kwa kina chake, kipatacho mita 1,470, cha pili duniani baada ya Baikal, lakini sisi tunaoishi kando yake tunalihesabu kwa mwezi. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza, kwa taa zinazowavuta samaki juu, na ukisimama kilimani Kigoma usiku huo utadhani kuna mji mwingine umewashwa majini. Mbalamwezi inapokuwa kali taa hazifui dafu, na mitumbwi hubaki nchi kavu kwa siku kadhaa. Hizo ndizo siku zangu. Mialo, yaani fukwe wanakotia nanga wavuvi, kama Katonga hutulia, na wanaume hukaa chini ya vivuli wakishona nyavu. Kushona nyavu ni kazi ya macho na vidole, haitaki maneno. Ninamsalimu mzee ninayemfahamu, "Shikamoo, baba," naye hujibu, "Marahaba, mwanangu, kaa," na hapo tunaweza kumaliza asubuhi nzima, yeye na sindano yake na mimi na ziwa, bila neno jingine.

Lazima niseme pia kwamba si kila ukimya wa ziwani ni wa kuufurahia. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti 2024 uvuvi ulifungwa ziwa zima upande wetu ili samaki wapate kuzaliana, na mialo ilikaa kimya kwa miezi mitatu. Ninaelewa sababu yake, na samaki walikuwa wamepungua kweli. Hata hivyo ukimya ule nilikuwa nikiusikia dukani, kwa akina mama waliokuja kuuliza bei ya dawa na kuondoka bila kununua, na katika miezi hiyo sikwenda kuketi Katonga hata mara moja, kwa sababu niliona haya kutafuta raha mahali ambapo wenzangu walikuwa wanangoja riziki.

Kutoka Kigoma kwenda Tabora ninapanda treni. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na safari ya kati ya miji hiyo miwili, kilomita zipatazo 400, bado ina mwendo unaoruhusu mtu kufikiri. Najua wapo wanaoulaumu mwendo huo. Ushauri wangu kwa mtu mkimya ni huu: usiingie ukaweka uso dirishani mara moja. Wasalimu wenzako wote wa chumba, uliza wanashuka wapi, wagawie karanga ulizo nazo, kisha nyamaza. Ukianza na ukimya utaonekana unadharau, lakini ukianza na salamu utaachwa kwa amani mpaka Uvinza, mpaka Nguruka, mpaka Kaliua, na dirishani utabaki na miombo isiyo na mwisho, pamoja na mabonde yenye maji ya mto Malagarasi.

Mjini Tabora ninakokwenda zaidi ni Kwihara, kilomita chache nje ya mji, kwenye tembe alilokaa Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi kutoka Uskoti. Watu hukumbuka sana namna Stanley, mwandishi wa gazeti aliyetumwa kumtafuta, alivyomkuta Ujiji mwaka 1871. Mimi ninachokifikiria ni kilichofuata, kwamba mwezi Machi 1872 waliagana huku Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora, Stanley akashika njia ya pwani, na yule mzee akabaki akingoja wapagazi kwa miezi mitano, mpaka Agosti, kabla ya kuanza safari ambayo hakurudi. Wageni ni wachache pale. Nimekaa chini ya miembe yake mchana mzima nikisikia njiwa tu, na mtunzaji hakuniuliza chochote zaidi ya jina la kuandika kitabuni.

Lakini kama ningeambiwa nichague mahali pamoja tu, ningechagua msitu wa miombo upande wa Sikonge, mwezi wa Septemba, kabla ya mvua. Wakati huo ardhi imekauka na nyasi zimeungua, nawe unatarajia kuona majani ya kijani baada ya mvua, kumbe miti haingoji mvua, inatoa majani mapya wakati wa jua kali, mekundu na ya rangi ya shaba, na msitu mzima unawaka bila moto. Mjomba wangu hufuga nyuki huko. Huenda kambini na wenzake kwa siku nyingi, wakikagua mizinga ya magome iliyotundikwa juu ya miti na ile ya mbao ya siku hizi, na kulina asali jioni nyuki wanapotulia. Hawapigi kelele kamwe. Baada ya "mwangaluka", salamu ya Kinyamwezi ya asubuhi, kila mtu hushika njia yake, na mkikutana tena jioni motoni, mazungumzo ni machache, na yanahusu mizinga. Sijapata kuona watu wanaoheshimiana namna ile kwa maneno machache namna ile. Inaniuma kwamba kila ninaporudi nakuta sehemu nyingine imefyekwa kwa ajili ya mashamba ya tumbaku na kuni za kuikaushia.

Kwa kuwa mimi ni muuza dawa, siwezi kumwacha msomaji aondoke bila kumwonya. Lala ndani ya chandarua popote utakapokwenda huku kwetu. Usiogee ziwani kabla hujawauliza wenyeji, maana zipo sehemu zenye kichocho, na karibu na midomo ya mito huwa kuna mamba. Msituni vaa nguo nzito zisizo nyeusi wala za buluu, kwa sababu mbung'o huzifuata rangi hizo. Na hata kama unapenda kuwa peke yako kiasi gani, mwambie mtu mmoja unakokwenda na siku ya kurudi. Mimi humwambia yule mama jirani yangu.

Septemba hii nimekwisha pata nafasi ya kulala usiku mbili kambini kwa mjomba. Amekubali kwa sharti moja, kwamba nisioge kwa sabuni yenye harufu wala nisijipake manukato tangu siku ya kuondoka, kwa kuwa nyuki hawapendi.