Ada za watoto Pune: upatu ulivyonivusha Aprili

Nyumbani Tanzania mzazi akiogopa mwezi, anaogopa Januari. Huku Pune, India, ninakoishi, mwezi wenyewe ni Aprili. Shule nyingi zinazofuata mtaala wa CBSE, bodi ya elimu ya taifa, hufungua mwaka mpya wa masomo Aprili, na wiki hizo hizo zinataka ada, vitabu, sare, huku mwenye gari la kubeba wanafunzi naye akitaka kujua kama mtoto anaendelea au nafasi apewe mwingine. Kwa sisi Waislamu wa mtaa wa Kondhwa kulikuwa na la ziada. Idi ya 2023 iliangukia 22 Aprili, ya 2024 ikawa 11 Aprili, ya 2025 ikawa 31 Machi. Nguo za sikukuu na risiti za shule zikawa zinagombea mfuko mmoja.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Nilikuja kusoma, kama wanavyokuja Watanzania na Wakenya wengi katika mji huu, nikaolewa nikabaki. Baba Zainabu ni mhasibu wa kiwanda kule Hadapsar, mshahara wake rupia 78,000 kwa mwezi. Mimi jioni nafundisha Kiingereza watoto wa majirani, napata kama 12,000. Watoto ni wawili, Zainabu na Yusufu, na wote wako shule ya binafsi ya hali ya kati, si zile zenye mabwawa ya kuogelea.

Mama mkwe, tunayemwita Ammi, hakuelewa kwa nini tujitese. "Shule ya Kiurdu ya manispaa iko pale nyuma, bure," aliniambia, "na baba yao kasoma hapo hapo, mwanangu, mbona leo ni mhasibu?" Hoja yake ina uzito, sikuibeza. Lakini Kiurdu changu ni cha sokoni, siwezi kumsimamia mtoto kazi za nyumbani kwa lugha hiyo, na baba yao anarudi saa mbili usiku. Njia nyingine ilikuwa sheria ya haki ya elimu ya 2009, inayotaka shule za binafsi zitenge asilimia 25 ya nafasi za darasa la kuanzia kwa watoto wa familia zenye kipato kidogo, na huku nafasi hizo hutolewa kwa kura. Mtoto wa fundi cherehani wa ghorofa ya chini aliipata, anasoma na Yusufu darasa moja. Kipato chetu kilizidi kiwango, kwa hiyo hapo hatukuwa na la kuomba.

Aprili ya 2024 niliivuka kwa kuuza bangili mbili za dhahabu. Baada ya hapo nilikaa na daftari nikaandika kila kitu ambacho shule ingetutoa kwa mwaka mzima. Ada ya watoto wawili ni 170,000, nusu Aprili na nusu Oktoba. Vitabu, madaftari, sare na viatu, 18,000. Usafiri 3,600 kwa mwezi kwa miezi kumi. Halafu kuna vile vya kushtukiza, matembezi ya darasa na mavazi ya ngoma za sherehe ya mwaka, nikaviwekea 6,000. Jumla 230,000. Ukigawa kwa miezi 12 unapata kama 19,200, na kwa kipato cha 90,000 hicho ni kiasi kinachobanika. Kilichokuwa kinatunyonga ni kwamba 103,000 katika hizo zilidaiwa kwa mkupuo, Aprili, katika nyumba ambayo haijawahi kuona laki moja ikiwa imekaa tu.

Mtu atasema weka benki kwa amana ya kila mwezi, na kweli Wahindi wengi hufanya hivyo, benki na hata posta wana mpango huo. Baba Zainabu hataki riba, ya kulipa wala ya kulipwa, na katika hili sibishani naye. Ndipo nikakumbuka kwamba kinamama wa jengo letu wanacheza upatu, wenyewe huuita "bishi". Kijumbe ni mama mmoja mtu mzima tunayemwita Khala, anayejua kila aliyehamia na aliyehama mtaani. Mchezo ni ule ule wa Tanga: kila mwezi wote wanatoa, mmoja anapokea.

Nilichofanya ni kuangalia zamu. Kila mtu hupigania za mwanzo, maana anayepokea mwezi wa kwanza ni kama kakopeshwa bila riba. Wenye harusi wanataka Novemba na Desemba. Ya mwisho haina mpenzi. Mchezo wa Khala ulikuwa na wanawake 12 na ulianza Aprili, kwa hiyo ya mwisho ni Machi, wiki chache tu kabla ya shule kudai. Nikaiomba, nikapewa bila kura wala maneno. Rupia 8,500 kwa mwezi, mara watu 12, ni 102,000.

Ukae ukijua, anayepokea mwisho ndiye anayebeba hatari yote. Aliyepokea Mei akihama Agosti, wewe ndiye utakayeona pengo. Hakuna hati, na ukienda polisi utawaambia nini? Kwa sababu hiyo nilikataa kuweka ada ya Oktoba humo humo, ingawa Khala alinishawishi nichukue mikono miwili. Hiyo iko kwenye akaunti ya peke yake isiyo na kadi. Mshahara ukiingia tu, benki inahamisha 7,100 yenyewe kabla sijafikiria sufuria mpya. Usafiri nalipa taslimu kila mwezi, na miezi miwili ya likizo, magari yasipotembea, ile 3,600 naiweka kwa ajili ya yale ya kushtukiza.

Katikati ya mwaka shule ilituletea kijana wa kampuni fulani akiwa na tabasamu na vipeperushi. Kampuni inailipa shule ada yote, wewe unawarudishia kwa miezi, eti bila riba. Nikamuuliza gharama ya kufungua mkataba ni kiasi gani, na ukichelewa siku tano inakuwaje. Alipozijibu zote mbili nikamshukuru, nikamkaribisha chai, basi.

Vitabu ndipo nilipopata nafuu ambayo sikuitegemea. Shule inauza seti nzima ikiwa imefungwa kwenye nailoni, ya Zainabu 6,200. Nikafungua orodha nikaona vingi ni vya NCERT, vitabu vya serikali ambavyo bei imechapwa nyuma na ni ndogo sana. Kinachopandisha seti ni madaftari na vitabu vya mazoezi vya makampuni. Nikapanda basi hadi Appa Balwant Chowk, mitaa ya vitabu katikati ya mji mkongwe. Ukifika unasimama mbele ya kaunta ukisukumwa na wazazi wenzako, unampa muuzaji orodha, naye haisomi kimya: anaipigia kelele kwa kijana aliyejikunja juu kwenye dari ya mbao. Vitabu vinashuka kimoja kimoja hewani, muuzaji anavidaka kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukijumlisha kwa peni nyuma ya orodha yako, kisha anavifunga kwa uzi na kuukata kwa meno. Vya mazoezi vyenye nembo ya shule ilibidi nivinunue shuleni, hiyo hakuna njia. Hata hivyo jumla haikufika 3,500. Kilichookolewa kikanunua kanzu ya Yusufu ya Idi.

Sare nanunua kubwa na kuacha upindo mpana. Zainabu analalamika. Atakua.

Kuhusu kodi, marafiki walitusifia kile kifungu kinachojulikana kama 80C, kinachomruhusu mzazi kupunguza ada ya masomo kwenye kipato kinachotozwa kodi. Baba Zainabu alipiga hesabu zake. Kinahesabu ada ya kufundishwa tu, si michango ya maendeleo wala usafiri, na kinamfaa aliyebaki kwenye utaratibu wa zamani wa kodi. Sisi tulikuwa tumehamia mpya, na kwa bajeti ya 2025 mfanyakazi wa kipato chetu aliye katika utaratibu huo hatozwi tena kodi ya mapato. Zikarudi nyumbani rupia kama 3,000 kwa mwezi. Nilizidai mezani usiku ule ule kabla hazijapata matumizi mengine.

Nilizidai kwa sababu ada hupanda. Sheria ya Maharashtra ya 2011 ya kudhibiti ada inataka kiwango kipya kipite kwenye kamati ya wazazi na walimu, kwa hiyo anayehudhuria mikutano husikia tarakimu mapema kuliko anayesubiri barua. Mimi sikosi, hata kama nusu ya kikao ni mabishano kuhusu feni za darasani. Mwaka ujao wa masomo ni asilimia 8 juu. Nusu ya ada itakuwa 91,800, usafiri nao umetangazwa 4,000, kwa hiyo mwezi wangu unafika kama 21,000.

Nimempelekea Khala ombi mapema kwamba mchezo upande uwe 9,500. Wawili wamesema hawawezi, anawatafutia wa kuziba nafasi zao, na ameniuliza kama safari hii ningependa zamu ya mbele kidogo kwa kuwa nimekuwa mvumilivu. Nimemwambia aniandike Machi.