Hillwood: bustani ya Kijapani ya Washington ambayo wengi wetu hatuijui

Wenzangu wa huku Washington, Maryland na Virginia, kila ikifika mwisho wa mwezi wa tatu naona stetasi zenu zote ni maua ya micheri pale kwenye bwawa la Tidal Basin, na mimi pia naenda sikosi, maana ile miti ina historia yake, meya wa Tokyo Yukio Ozaki alileta miche 3,020 mwaka 1912 kama zawadi na mpaka leo watu wanatoka mbali kuja kuiangalia. Lakini kuna sehemu nyingine ya Kijapani hapa hapa mjini ambayo nikiitaja kwenye shughuli zetu watu wananiuliza ndo wapi huko, na wengine wana miaka chungu nzima wanaishi Silver Spring, dakika chache tu kwa gari. Inaitwa Hillwood, nyumba ya zamani ya kitajiri ambayo sasa ni makumbusho, na bustani zake. Iko kaskazini magharibi ya mji pembeni ya Rock Creek Park, ukipanda treni ya Red Line unashuka Van Ness halafu unatembea kama maili moja hivi, au unaenda na gari, ndani kuna parkingi.

Juzi juzi khalti wangu, dadake mama, alikuja kututembelea kutoka Unguja, akakuta baridi ndo linaanza, mwezi wa kumi na moja, nikasema huyu sitompeleka mall, nampeleka Hillwood. Khalti kazaliwa na kukulia Mji Mkongwe, nyumba za zamani anazijua kuanzia msingi mpaka paa, na nilijua atapaangalia kwa jicho lake mwenyewe.

Mwenye nyumba alikuwa bibi mmoja anaitwa Marjorie Merriweather Post. Babake, C.W. Post, alianzisha kampuni yake ya nafaka Battle Creek, Michigan, mwaka 1895, akaanza na kinywaji cha nafaka cha watu wasiotaka kahawa halafu ndo zikaja siriali za asubuhi. Alipofariki mwaka 1914 bintiye alikuwa na miaka 27 akarithi kila kitu, na hakukaa kitako kula urithi, kampuni ikakua, wakanunua biashara ya vyakula vya kugandisha ya Clarence Birdseye, na mwaka 1929 ikageuka General Foods. Tajiri kweli kweli huyu. Hillwood aliinunua mwaka 1955, ekari 25, na tangu ananunua nia yake ilikuwa siku moja iwe makumbusho. Hilo lishikeni maana ntalirudia.

Ndani ya nyumba sitowapitisha chumba kwa chumba. Kuna vyombo vya Kifaransa, na kuna vitu vya Kirusi wanavosema hakuna mkusanyiko mkubwa kama ule nje ya Urusi kwenyewe. Mume wake wa tatu, Joseph Davies, alikuwa balozi wa Marekani Moscow mwaka 1937 na 1938, enzi za Stalin, wakati vitu vya makanisa na vya mabwana waliokimbia au kuuliwa vilikuwa vinauzwa madukani, na bibi akawa ananunua, halafu akaendelea miaka yote iliyofuata huku Ulaya na Marekani. Kuna taji la almasi alilovaa Alexandra siku ya harusi yake na Nicholas wa Pili, mfalme wa mwisho wa Urusi, mwaka 1894. Kuna mchoro mkubwa wa Konstantin Makovsky wa karamu ya harusi ya Kirusi, nikamsomea khalti kibao chake, mwaka 1883, akanishika mkono, "Elfu moja mia nane thamanini na tatu si ndo Seyyid Barghash anajenga Beit al-Ajaib?" Ndo mwaka huo huo khalti. Akatikisa kichwa akasogea.

Pale kwenye yai ndo tulisimama sana. Ni yai la pambo la Fabergé, sonara wa wafalme wa Urusi, la mwaka 1914, zawadi ya Pasaka ya mfalme Nicholas kwa mamake, la pinki, limezungushiwa dhahabu na lulu na almasi, dogo tu unaweza kulishika kwa mkono mmoja. Ndani yake kulikuwa na kidude cha kushangaza ambacho sasa kimepotea, hakijulikani kilipo, ila yule mama alimwandikia dadake barua akakieleza: machela ndani yake amekaa malkia Catherine, imebebwa na watu weusi wawili, ukitia ufunguo ukazungusha wanatembea. Nilimfasiria khalti hivo hivo. Akanyamaza, akalitazama tena lile yai, akasema, "Hata kwenye mchezo wa mfalme sisi ndo wabebaji." Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshalipita yai lile mara kadhaa nikiwa na wageni wengine, siku ile ndo niliona uzito wake, na nadhani kila Mwafrika anaeingia mle aisome ile habari mpaka mwisho, asiishie kwenye almasi.

Sasa bustani. Unatoka nje kwenye uwanja mkubwa wa majani nyuma ya nyumba, mbele yako kwa mbali kabisa unauona mnara wa Washington, halafu pembeni njia inaanza kushuka, na kabla hujaona chochote unasikia maji. Kilima kile ni mteremko mkali na aliyeichora bustani ameutumia wote, maji yanaanguka kutoka juu yanapita katikati ya majabali, bwawa moja linamwagia jingine, kuna vidaraja vya mawe, taa za mawe, masimba wawili wa mawe, na sanamu ya Hotei, yule mtawa mnene anaecheka. Mimepo ya Kijapani, ile miti ya maple, ilikuwa imewaka nyekundu majani yote, mengine yameshaanguka juu ya maji. Kwenye maji kuna mawe ya kukanyagia, na haya yamewekwa kwa akili, kwasababu ukivuka lazima uangalie chini hatua yako inaenda wapi, huwezi kuzungumza huwezi kushika simu, halafu ukifika jiwe pana unasimama unanyanyua macho na unachokiona sicho ulichokiacha, mti uliokuwa umekuficha maporomoko umebaki nyuma yako na maji yote yako mbele.

Mchoraji wake ni Shogo Myaida, Mjapani aliehamia Marekani miaka ya 1920. Alimtengenezea bi Post bustani hii mwaka 1957, na naomba mtu asiupite mwaka huo haraka. Desemba 1941, baada ya Japani kuishambulia Marekani pale Pearl Harbor, watu wasiojulikana walikata micheri minne ya Tidal Basin, inadhaniwa ni kwa hasira. Mwaka 1942 rais Roosevelt akatia saini amri, na watu wenye asili ya Japani kama 120,000 wa pwani ya magharibi wakatolewa majumbani kwao wakatiwa makambini, wengi wao raia waliozaliwa hapa hapa. Miaka kumi na mitano tu baada ya amri ile, huyu bwana anaitwa kwenye nyumba ya mmoja wa matajiri wakubwa wa nchi, juu ya kilima kinachoutazama mji mkuu, aweke mawe na maji na misonobari ya kwao. Sisi tuliokuja na masanduku yetu tunajua inavokuwa nchi uliohamia ikiwa siku moja inakukataa na siku nyingine inakutaka uwapikie chakula cha kwenu. Na hakuwanakilia bustani ya hekalu la Kyoto, bustani hii imejaa vitu kuliko bustani za Japani zinavokuwa, rangi nyingi, sanamu nyingi, mimea ya Kijapani imechanganywa na ya hapa, kwasababu mwenye nyumba alipenda vitu vingi na mchoraji alijua anaemfanyia kazi ni nani. Nimeona wajuzi wanailaumu kwa hilo. Mimi naipendea hilo hilo, ni bustani ya mtu alieishi kwenye nchi mbili.

Tulipofika karibu na bwawa la chini tukamkuta mtunza bustani yuko juu ya ngazi kwenye msonobari. Ameshika kitawi kimoja, anang'oa kwa vidole zile sindano za zamani, anaacha za mbele tu, kisha kitawi kinachofuata, kisha kinachofuata, kitambaa kimetandazwa chini kinapokea. Hana mashine, hana mkasi, vidole tu. Khalti akakaa kwenye benchi akamtazama muda mrefu halafu akaniambia, "Muulize anafanya hivi kila baada ya muda gani." Nikamuuliza. Kila mwaka, akasema, kila msonobari, na ukiuacha miaka michache unakwenda unavotaka wenyewe na lile umbo halirudi tena.

Basi pale ndo khalti akaanza. Akasema na nyumba ni hivo hivo. Nyumba za kwetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa na boriti, adui yao ni mvua, na haiingii kwa kishindo, inaingia kwa ufa mdogo wa paa ambao ungezibwa kwa ndoo moja ya chokaa, boriti inaoza pale ilipoingia ukutani ambapo hupaoni, rangi ya nje bado nzuri, mpaka siku sakafu inashuka. Halafu anakuja mtu anapiga plasta ya saruji juu ya chokaa ionekane mpya, unyevu unafungiwa ndani, kuta zinazidi kulegea. Yeye siku ya tarehe 25 Desemba 2020 alikuwa mjini, Beit al-Ajaib upande wa mbele ulipoporomoka na watu wawili wakapoteza maisha, na wakati huo ilikuwa kwenye matengenezo. Jengo la Seyyid Barghash, la mwanzo Zanzibar kuwa na umeme, watoto wote wa skuli tumepelekwa pale. Alivokuwa anasimulia hakulia ila sauti ilikuwa inapotea.

Nikamwambia khalti usidhani hapa walifanikiwa kirahisi, na hiki ndo kisa kilichonifanya niandike. Bi Post aliipa Smithsonian nyumba hii, ile taasisi kubwa ya makumbusho ya nchi nzima, na akaacha na fedha za kuitunzia. Alifariki mwaka 1973. Smithsonian walipopiga hesabu za mapaa na mabomba na wafanyakazi na bustani wakaona fedha zile hazitoshi, na mwaka 1976 wakairudisha kwa mfuko wa familia, mfuko ndo ukaifungua kwa watu mwaka 1977. Nyumba yake nyingine, Mar-a-Lago ya Florida, aliiachia serikali iwe ya marais kupumzikia, serikali nayo ikaona gharama ikairudisha, na mwaka 1985 akainunua Donald Trump. Bibi mmoja, zawadi mbili, zote mbili zilirudishwa kwasababu ya gharama za kuzitunza, na Marekani si nchi maskini. Hillwood imesimama kwasababu kuna watu walikaa chini wakaamua fedha ya kila mwaka itatoka wapi, na hata bustani yenyewe ya Kijapani ilikuwa imechoka, mawe yamehama na mimea imezidi, ikabidi mwanzoni mwa miaka ya 2000 ifanyiwe ukarabati mkubwa irudi kwenye mchoro wa Myaida.

Kwetu tunajua kufungua. Tunakata utepe, tunapiga picha na waziri, kibao cha marumaru kinawekwa, na bajeti ya kusafisha mifereji ya maji ya mvua hakuna anaeiuliza. Huku ughaibuni tunachanga vizuri sana, msiba ukitokea ndani ya siku mbili maiti imeshapata tiketi ya kurudi nyumbani, harusi usiseme. Sijawahi kuona mchango wetu hata mmoja wa chokaa ya paa la jengo la zamani. Nimeanza kuwauliza wenzangu wa jumuiya tuchague nyumba moja tu, ndogo, msikiti wa zamani au madrasa au hata baraza la mtaa, tuilipie fundi wa chokaa kila mwaka kabla ya masika, kiasi kile kile kila mwaka, bila sherehe. Wawili wameshakubali, na khalti kasema fundi anamjua.

Kwa anaetaka kwenda Hillwood, Jumatatu wanafunga, na kabla hujatoka angalia kwenye mtandao wao habari za kuingia. Mepo nyekundu ni mwisho wa mwezi wa kumi na mwanzo wa kumi na moja, maua ya azalea ni mwezi wa nne na wa tano. Anaeumwa magoti asivuke mawe ya kwenye maji, yakilowa yanateleza, aangalie kutoka njia ya juu. Watoto wapelekeni, wakiona maji yale wanasahau tablet. Na kama uko Silver Spring huna gari niandikie, Jumamosi nyingi nipo.