Breki ya vipimo viwili imekubali kukatika

Imekubali. Breki ya vipimo viwili, yaani kipande cha dramu zikiwa peke yake, imo ndani ya treka (programu ya kupanga muziki kwa mistari ya noti na namba), inakatika popote ninapotaka, haitoi tena ule mlio wa "tk" mwanzoni mwa kila kipande, na bado inatembea kama kitu kilichopigwa na mtu mwenye mikono na miguu. Jambo hili limeninyima usingizi tangu masika, kwa hiyo naliandika likiwa bado moto.

Sheria za mradi ni zile zile. Sampuli zote (sauti zilizorekodiwa) za wimbo mmoja zisizidi KB 750. Chaneli nane, basi. Hakuna mwangwi wa kuongezea wala programu za pembeni. Kila kitu kinafanyika ndani ya treka ya MilkyTracker kwenye laptop kuukuu yenye kibodi iliyofutika herufi. Hizo namba sikuzibuni. Akai S950, sampla (mashine ya kurekodi na kupiga vipande vya sauti) ya biti 12 iliyotoka 1988, ilikuja na kumbukumbu ya KB 750 na ilitoa sauti nane kwa wakati mmoja. Ukiwa na mfuko ungeiongezea hadi MB 2.25. Vijana wa London waliotengeneza jungle, muziki wa kasi wa breki zilizokatwakatwa, mwanzoni mwa miaka ya 90 walikuwa wanabanana ndani ya nafasi za aina hiyo, na wengine walikuwa na chini ya hapo: Aphrodite, mmoja wao, alijulikana kwa kutumia kompyuta ya Amiga 1200 na programu ya OctaMED, na Amiga inatoa chaneli nne tu za biti 8. Nimesikiliza sana nyimbo za enzi ile, na nimesikiliza pia za leo zinazojaribu kuziiga kwa kompyuta zenye kumbukumbu isiyoisha. Zinakuwa safi mno. Mtu anaweka breki kumi na mbili kwa sababu zinaingia, kumbe uzuri ulikuwa kuibana breki moja mpaka itoe kila ilichonacho.

Breki maarufu kuliko zote mnaijua: "Amen, Brother" ya The Winstons, 1969, vipimo vinne vya Gregory Coleman, sekunde saba hivi. Siitumii. Coleman alifariki 2006 bila kuona mirabaha ya zile sekunde ambazo zimejenga muziki mzima, na mimi naishi mji wenye wapiga dramu wazuri kila Jumapili. Kwaya za Mwanza zina watu hatari. Kwa hiyo nilimwomba dogo mmoja anayepiga kanisani, maeneo ya Nyakato, anipigie mwendo wa mapigo 137 hivi kwa dakika baada ya mazoezi, bila metronomu, kwa mkono mzito. Tumekubaliana kwamba jina lake litakaa kwenye kila wimbo utakaotoka na mgawo wake atapata.

Kuhusu kurekodi sina mengi. Simu juu ya kiti, hatua tatu kutoka kwenye dramu, na programu inayokuruhusu kuzima ule urekebishaji wa sauti wa kujiendesha. Hilo la kuzima ndilo muhimu kuliko bei ya simu. Usipozima, kila kiki (pigo la dramu kubwa ya mguu) inaisukuma sauti chini na matoazi yanapumua kama mgonjwa wa pumu. Kisha nikapitisha yote kwenye redio kaseti niliyoinunua kwa fundi pale Makoroboi, nikairekodi kwa nguvu hadi mshale ukalala kulia, nikairudisha kwenye kompyuta. Kaseti inapunguza ncha za snea (dramu ndogo yenye mlio mkali) kwa namna ambayo sijaipata kwenye programu yoyote, ya kulipia au ya bure.

Sasa tatizo lenyewe.

Kwenye treka unakata breki kwa amri ya 9xx: unaiambia sampuli ianzie katikati. Kila kizio cha xx ni sampuli 256 (hapa sampuli ni nukta moja ya wimbi), na kizio kikubwa kabisa ni FF (xx inahesabiwa kwa msingi wa 16, hivyo FF ni 255), yaani nukta ya 65,280. Huvuki hapo. Vipimo vinne vya 137 kwa Hz 22,050 (sampuli kwa sekunde) vinachukua sampuli zaidi ya 150,000, kwa hiyo zaidi ya nusu ya breki inakuwa haifikiki. Wengi wanaikata vipande vipande na kuvipa namba, kila pigo kifaa chake. Inafanya kazi, ila mkono unakuwa mzito. Huwezi kujaribu mambo kwa haraka, na haraka ndiyo inayozaa ile michanganyiko ya ajabu ya snea.

Nikaligeuza swali. Badala ya kuuliza breki inahitaji nafasi kiasi gani, nikauliza ni breki gani itaijaza nafasi iliyopo bila kubakiza kitu. Vipimo viwili vina mapigo manane, kila pigo lina robo nne, jumla robo 32. Ukivinyoosha vipimo hivyo viwili vikae ndani ya sampuli 65,536 kamili, kila robo inapata sampuli 2,048, na hizo ni vizio vinane vya 9xx. Kwa hiyo robo ya pili ni 908, ya tatu 910, ya nne 918, pigo la pili linaanzia 920. Huhitaji kutazama wimbi tena. Ni nyumba ya kupanga yenye vyumba 32 vinavyolingana, na unajua kila mpangaji analala wapi.

Kwa mwendo wa 137 hesabu inaleta Hz 18,700 hivi. Maana yake hakuna sauti juu ya nusu yake, Hz 9,350. Matoazi yanakuwa kama mchanga, snea inapata kifua. Ule ukungu ambao watu wanauita sauti ya zamani, kwa sikio langu sehemu yake kubwa iko hapa. Biti zinazungumziwa mno. Nimelinganisha biti 8 na biti 12 kwenye breki hii na ukiongeza besi tofauti inakaribia kupotea. Lakini panda kutoka Hz 18,700 hadi 44,100 na wimbo unahama muongo. Jambo jingine: zimeni ulainishaji kwenye mipangilio ya kichezeshi. Sampuli ikipandishwa bila kulainishwa inatoa kutu fulani juu, na kutu hiyo inarudisha ung'avu ulioondoka.

Na kupanda inapanda. Noti ya D-5 inaicheza breki kwa mwendo wake wa asili. Nikiipiga kwa F-5 na kurekebisha kidogo, imepanda nusu-toni tatu na mwendo umefika 163. Hakuna ujanja wa kutenganisha kasi na kimo. Vyote vinapanda pamoja.

Hapo ningemaliza kama dogo angekuwa mashine. Ila mwendo wake una kuchelewa. Kiki zake ziko mbele, snea kubwa inakaa nyuma kidogo, na zile snea ndogo za kunong'ona katikati zinachelewa zaidi. Ndiyo sababu nilimtaka yeye. Sasa nikiita 938, namkuta mpangaji hajafika. Kipande kinaanza na mkia wa kiki uliokatwa ghafla, "tk", halafu ndipo snea inaingia. Kila kipande, "tk". Kwenye spika ndogo husikii. Kwenye spika ya maana ni kama mtu anagongagonga kalamu mezani wimbo mzima.

Kusogeza amri kizio kimoja mbele hakusaidii, kwa sababu kizio kimoja kwa Hz 18,700 ni karibu milisekunde 14. Snea iliyochelewa milisekunde tisa inakatwa kichwa. Ukitumia EDx kuchelewesha noti, EDx na 9xx zinagombania safu moja ya amri, na kwenye faili za XM, aina ya faili ninayotumia kwenye treka, safu hiyo ni moja tu. Nilijaribu pia mbinu ya zamani ya kubadilisha kasi ya mistari, F07 kisha F05, mstari mmoja mrefu na mmoja mfupi. Kwa hai-hati (matoazi mawili ya mguu) iliyo peke yake ni tamu sana. Kwa breki ni balaa: mstari wa tiki saba (tiki ni kipande kidogo cha muda wa mstari) unachukua milisekunde 107 wakati chumba kinaisha kwenye 92, kwa hiyo snea ya chumba kinachofuata inachungulia, halafu mstari unafika na kuipiga upya. Snea mbili zinakanyagana.

Kuna suluhisho ambalo kila mtu angelipendekeza: kata kila pigo, livute hadi kwenye mpaka wake. Nililifanya kwenye nakala. "Tk" ikaisha, na dogo akaisha pamoja nayo. Ilibaki breki ya kalamu na rula.

Dawa imekuja pale nilipoacha kuhangaika na waliochelewa na kumtafuta aliyewahi. Katika pigo zote za vipimo viwili, kuna moja iliyotangulia wenzake kuliko zote ukilinganisha na mpaka wake. Kwa dogo ni kiki ya kipimo cha pili, ile kabla ya snea ya mwisho. Nikaisogeza breki yote, kama ilivyo, mpaka kiki hiyo ikakaa sampuli 64 baada ya mpaka wa chumba chake. Baada ya hapo hakuna pigo lolote linaloanza nje ya chumba chake. Wote wamo ndani, kila mmoja kwa kuchelewa kwake. Kisha kwenye kila mpaka nikachora mteremko mdogo: sampuli 48 za kushuka hadi sifuri kabla ya mpaka, na 48 za kupanda kutoka sifuri baada yake. Mipaka 32, kwa mkono, na kipanya kinachoteleza.

Sasa 9xx inaanzia kimya kila mara. Hakuna "tk". Kuchelewa kwa snea kumo ndani ya kipande chenyewe, kwa hiyo popote ninapokipeleka, kinachelewa vile vile alivyochelewa dogo. Nikiiacha breki itembee bila kuikata, ile mipaka inaleta mabonde ya milisekunde chache kati ya pigo na pigo, na nilidhani ningelazimika kuyaficha. Siyafichi. Yanaipa breki ule utengano wa vipande vilivyotawanywa kwenye kibodi ya sampla, hata pale ambapo haijakatwa. Na ile ramping ya MilkyTracker inayolainisha mianzo ya sauti nimeizima kabisa, kwa sababu kazi yake imeshafanyika ndani ya wimbi, bila kuzigusa ncha za snea.

Kulikuwa na jambo dogo la kipimo cha pili kuwa kirefu kuliko cha kwanza, maana hatukutumia metronomu. Nilikinyoosha kila kipimo peke yake kikae kwenye sampuli 32,768. Tofauti ilikuwa chini ya asilimia moja, na asilimia moja ni kama sehemu ya sita ya nusu-toni. Snea za kipimo cha pili ziko juu kwa unywele. Napenda hivyo.

Nilimchezea dogo kwa spika za kanisani. Alisikiliza huku amekunja mikono.

"Kaka, huyu ni mimi kweli?"

"Ni wewe. Nimekukimbiza tu."

"Mbona snea inalia kama bati la paa?"

"Ndiyo niliyokuwa naitafuta."

Akaomba irudiwe, na iliporudiwa akaanza kuipigia mapajani, akiwahi pale pale ambapo kiki yake inawahi. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kueleza.

Hatua iliyokuwa inafuata ni sauti ndefu za nyuma: kurekodi kwaya ikishikilia "aaa" moja na kuizungusha. Imesogezwa. Nilikuwa Kirumba Mwaloni asubuhi na mapema kufuata dagaa, wavuvi wanasalimiana mwangaluka, mwangaluka, na boti moja ikawa inajaribu injini yake bila kuondoka. Kile kishindo kina besi ambayo sijawahi kuitoa kwenye kinanda chochote. Nilirekodi papo hapo, gunia la dagaa liko begani.

Ukikata mzunguko mmoja tu wa wimbi hilo, ukaubana kwenye sampuli 64 na kuuzungusha, noti ya C-4 inatoa Hz 130 na ushei, na ukishuka hadi C-2 uko kwenye Hz 33 hivi. Baiti 64! Kwenye bajeti ya KB 750 hiyo si kitu. Kazi iko kwenye kuchagua mzunguko upi, kwa sababu injini hairudii wimbi lile lile mara mbili, na mwisho wa mzunguko usipokutana na mwanzo wake unapata mlio wa nyuki juu ya besi. Mpaka sasa nina minne inayofaa. Miwili nimeiweka kwenye chaneli mbili, mmoja ukiwa umepungua kimo kidogo sana, na zinasukumana taratibu chini ya breki. Tatizo linalonikalia sasa ni kwamba chini ya E-2 besi inasikika vizuri kwenye spika kubwa na kutoweka kabisa kwenye simu, na huku wengi wanasikilizia simu. Nadhani nitaongeza tena wimbi lile lile oktava moja juu, kwa sauti ndogo, ingawa itanila chaneli ya tatu.

Breki na besi zimetumia KB 65 tu. Jumamosi dogo anarudi, na nimemwomba apige polepole zaidi, kwenye 122, ili niipandishe nusu-toni tano kufika 163 ile ile. Nataka kusikia snea yake ikiwa imepanda hivyo, na kujua ni pigo gani litakuwa limewahi safari hii.