Jalada Moja Halitoshi: Nilivyopanga Kumbukumbu za Askari wa Sherifu, California

Masjala niliyokabidhiwa katika ofisi ya sherifu wa kaunti ilikuwa na bahasha moja nene kwa kila mfanyakazi: barua ya ajira, vyeti vya daktari, barua za onyo, vyote humo humo. Kwa karani wa kawaida hilo ni fujo tu. Kwa naibu sherifu, yaani askari wa ofisi hiyo mwenye beji, ni hatari, maana kila karatasi yake ina sheria yake, msomaji wake na tarehe yake ya kuteketezwa.

Kila naibu nilimfungulia majalada matano: la ajira (uteuzi, kiapo, mafunzo, tathmini), la upekuzi wa kabla ya kuajiriwa, la afya, la fomu ya I-9 (inayothibitisha kwamba mtu anaruhusiwa kufanya kazi Marekani), na la malalamiko na uchunguzi wa ndani. Kila karatasi ikapata namba ya folio, kama ifanywavyo katika masjala za serikali Tanzania. Folio ikichomolewa, pengo linaonekana.

Jalada la afya lina kabati na ufunguo wake, kwa sababu sheria ya shirikisho ya watu wenye ulemavu inataka taarifa za kitabibu zikae peke yake. Sajenti anaweza kuambiwa kwamba mtu wake asibebe vitu vizito. Ugonjwa wenyewe haumhusu. Kinachoharibu mambo ni cheti kubanwa nyuma ya fomu ya likizo, kisha vyote viwili kuingia jalada la ajira. Siku hizi cheti kinabanduliwa pale pale kinapopokelewa, na fomu inagongwa muhuri kuwa kimeonekana.

I-9 haina mengi. Mwajiri akague hati ndani ya siku 3 za kazi tangu mtu aanze, kisha fomu itunzwe miaka 3 tangu kuajiriwa au mwaka 1 baada ya kuondoka, tarehe yoyote itakayochelewa zaidi. Aliyeajiriwa Juni 2021 akaondoka Aprili 2022, fomu yake ilitakiwa kukaa hadi Juni 2024.

Kazi yenyewe iko kwenye maneno mabaya. Sheria ya haki za maafisa wa usalama wa California hairuhusu jambo lolote la kumshushia naibu hadhi liingie kwenye jalada lake kabla hajalisoma na kutia saini. Akikataa, kukataa kwake kunaandikwa kwenye waraka huo huo na yeye anaweka saini au herufi za jina lake kuthibitisha kwamba amekataa (ndiyo, ndivyo sheria inavyosema). Ana siku 30 za kujibu kwa maandishi, na jibu linabandikwa kwenye waraka. Kwa hiyo nilitengeneza karatasi ya mbele yenye safu nne: folio, tarehe ya kusomwa, saini, mwisho wa siku 30. Waraka usiojaza safu ya pili na ya tatu haupiti mlangoni kwangu, hata ukiletwa na kapteni.

Masajenti hupenda kuweka daftari lao mezani wakidhani si jalada. Likitumika kumpandisha mtu cheo au kumwadhibu, jina lake haliliokoi. Litahesabiwa kuwa jalada.

Malalamiko yanatunzwa kwa muda usiopungua miaka 5 kama hayakuthibitishwa, na usiopungua 15 kama utovu wa nidhamu umethibitishwa. Sheria ya SB 16 (SB ni muswada wa Seneti ya jimbo) ndiyo iliyoleta hiyo 15, kuanzia 2022. Lakini tarehe ikifika usikimbilie mashine ya kukata karatasi: rekodi iliyoombwa na mwananchi haiteketezwi ombi likiwa bado linashughulikiwa. Kabla ya kuteketeza chochote nakagua daftari la maombi, kisha namuuliza mwanasheria wa kaunti kama kuna kesi.

Kufuatana na SB 1421 ya 2018, risasi iliyofyatuliwa kwa mtu, nguvu iliyoua au kujeruhi vibaya, na uongo uliothibitishwa ni baadhi ya rekodi ambazo umma unaweza kuzipata, na SB 16 inataka kwa kawaida zitolewe ndani ya siku 45 tangu ombi. Siku hizo huliwa na kuficha anwani za nyumbani na majina ya familia, hasa kwenye video. Rekodi za aina hii naziwekea alama nyekundu tangu faili linapofunguliwa, nisianze kutafuta ombi likishafika.

Mahudhurio yako kwa wahasibu, ila nilisisitiza jambo moja. Ofisi inayohesabu saa za kazi kwa mzunguko wa siku 28, ambao kizingiti chake cha ovataimu kwa askari ni saa 171, lazima iandike siku mzunguko unapoanza na urefu wake. Bila hivyo hesabu haina utetezi.

Naibu akiondoka, tume ya POST ya jimbo, inayosimamia viwango na mafunzo ya askari, iarifiwe ndani ya siku 10. Baadaye mpekuzi wa kaunti nyingine atakuja, maana sheria inamtaka asome jalada la utovu wa nidhamu kabla ya kumwajiri mtu huyo. Namkalisha kwenye meza iliyo mbele yangu, anatia saini kwenye kadi ya wasomaji, nampa majalada yanayomhusu. La afya linabaki kabatini.