Jinsi Nilivyoiwezesha Skripti Yangu Kuhakikisha Mtandao Kabla ya Kutuma Nakala Rudufu

Katika ofisi ya chama cha akiba na mikopo ninachokihudumia, kumbukumbu za wanachama huhifadhiwa kwenye kompyuta moja ya Linux, na kila siku saa nane usiku cron (programu inayoendesha kazi kwa ratiba) huendesha skripti, yaani faili la amri, inayotuma nakala rudufu kwenye seva ya mbali kwa rsync (programu ya kunakili mafaili) kupitia ssh (njia salama ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali). Intaneti yetu hutoka kwenye modemu ya laini ya simu yenye bando, kwa hiyo nilitaka skripti isianze kazi kabla ya kuthibitisha kwamba njia ipo.

Njia ambayo wengi huanza nayo ni hii:

`ping -c 1 -W 2 8.8.8.8`

Amri hiyo hutuma pakiti moja, yaani kifurushi kidogo cha data, kwa 8.8.8.8 ambayo ni seva ya umma ya Google, husubiri jibu kwa sekunde 2, na jibu likirudi humaliza kwa namba 0, ambayo sheli (programu inayosoma amri) huichukua kuwa ishara ya kufaulu. (Anayeihamishia kwenye macOS akumbuke kwamba huko -W huhesabiwa kwa milisekunde.) Hata hivyo, ipo mitandao inayozuia pakiti za ICMP, aina ambayo ping hutumia, ilhali huduma nyingine zote zinapita, na vilevile ping kwa namba ya IP inaweza kufaulu wakati DNS, huduma inayogeuza majina ya seva kuwa namba za IP, haifanyi kazi, ikawa seva inayotajwa kwa jina haipatikani kamwe.

Hali iliyonisumbua zaidi ni ya bando kuisha. Modemu hubaki imeunganishwa na ina anwani yake, jina la seva linapata namba yake, na ombi la http linajibiwa kwa ukurasa wa kununua bando jipya. Curl, programu ya kuomba kurasa za wavuti, ikipokea ukurasa huo humaliza kwa 0, kwa kuwa kwa upande wake imejibiwa. Ndiyo sababu simu za Android hupima mtandao kwa kuomba ukurasa ambao jibu lake sahihi ni msimbo 204, yaani jibu lisilo na maudhui yoyote. Ukirudi msimbo 200 au 302, inajulikana kwamba kuna mtu katikati anayejibu kwa niaba ya seva.

Kipimo hicho ni kizuri, lakini mimi sikuhitaji kurasa za wavuti, nilihitaji ssh. Niliamua kupima mlango uleule ambao nakala zitapitia:

`timeout 15 ssh -o BatchMode=yes -o ConnectTimeout=5 nakala@seva true`

Mstari huu mmoja hupima DNS, njia, mlango wa 22 ambao ssh hutumia, na ufunguo wa kuingilia kwa pamoja. BatchMode ni ya lazima, kwani bila hiyo ssh inaweza kuomba nenosiri. Timeout iliyo mbele huikata amri ikikwama, na hapo namba ya kumalizia huwa 124. Ssh yenyewe ikishindwa kuunganika hutoa 255.

Mstari huo niliuweka ndani ya kitanzi cha until (kinachorudia amri hadi ifaulu) chenye sleep (mapumziko kati ya majaribio) na kikomo cha majaribio, na flock, amri ya kufunga faili, ikazuia skripti ya pili kuanza wakati ya kwanza bado inasubiri. Vipimo vingine sikuvitupa: kikomo kikifikiwa, skripti huendesha `ip route show default` (kuona kama kuna njia ya kutokea), ping, `getent hosts` (kupima DNS) na curl kwa mfuatano huo, ikaandika kwenye faili la kumbukumbu ni hatua ipi iliyokatika, jambo linaloniwezesha kujua kama niangalie modemu, DNS au salio la bando.

Kipimo kikifaulu bado hakiahidi chochote kuhusu dakika inayofuata. Kwa hiyo rsync nayo niliipa `--timeout=60`, ikate ikipita sekunde 60 bila data kupita, pamoja na `--partial-dir`, ili vipande vilivyokwisha kufika vihifadhiwe kando bila kuchanganywa na nakala kamili, na tarehe ya nakala ya mwisho huandikwa pale tu rsync inapomaliza kwa 0. Tarehe hiyo ndiyo mhasibu wetu anayoitazama kila asubuhi kabla ya kuanza kupokea michango.