Mama alipogusa sakafu ya bahari

Mama alikuja Maskati mwezi wa kwanza, mara yake ya kwanza kutoka Wete. Tulipoiacha Matrah nyuma na kuingia njia ya Samail alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza: "Mwanangu, majabali haya yameungua na nini?"

Namwelewa. Pemba kwetu huwezi kupata kilima kisichoota kitu, hata mkarafuu mmoja uliojipindisha. Hapa ni jabali juu ya jabali, rangi ya kahawa iliyokaangwa, na hakuna hata kivuli cha mti. Wengi wanaokuja kututembelea huku wanaipita milima hii wakitazama simu, na mimi huumia. Nimeendesha wageni kwenye milima hii miaka kumi na minne, wengi wao wataalamu wa miamba, na ninachokijua nimekipata kwao, jiwe moja baada ya jingine.

Nikamwambia: "Mama, hayakuungua. Hii ilikuwa chini ya bahari."

Ganda la dunia limegawika mabamba, na mabamba hayo yanatembea. La bahari ni zito, la bara ni jepesi. Yakikutana, kwa kawaida lile zito huzama chini ya lile jepesi, na huko kuzama ndiko kulikoinua milima ya Andes kule Amerika ya Kusini. Oman mambo yalikwenda kinyume. Karibu miaka milioni 95 iliyopita Bara Arabu lilikuwa bado limeshikana na Afrika, Bahari ya Shamu haijafunguka, na kaskazini yetu kulikuwa na bahari ambayo wataalamu wanaiita Tethys. Sakafu ya bahari ile ikakatika, upande mmoja ukaanza kuzama chini ya mwenzake, na ule uliozama ulikuwa umeungana na ukingo wa Arabuni. Ukaukokota nao uende chini.

Lakini jaribu kuzamisha dumu tupu kisimani. Utalisukuma mpaka mkono uchoke, mwisho litakurudia. Jiwe la bara nalo ni hivyo hivyo. Lilikwenda chini, likagoma, likapanda tena, na sakafu ya bahari iliyokuwa imelilalia ikabaki mgongoni mwake. Ukifika As Sifah, mashariki ya Maskati, utaona miamba iliyorudi kutoka safari hiyo, kina cha zaidi ya kilomita 50, imejaa punje nyekundu za ganeti. Kuna iliyojaa punje ndogo kama mtama.

Nilimpeleka mama kwenye wadi moja, bonde la mto mkavu, upande wa Samail, mahali ninapopapenda kuliko pote katika nchi hii. Hapo upo mpaka wenyewe wa ganda la dunia na kilicho chini yake. Juu kuna gabro, jiwe la kijivu lenye mistari ya weusi na weupe, tabaka kwa tabaka, nalo ndilo ganda la bahari upande wake wa chini. Chini yake kuna jiwe la hudhurungi, peridotiti, ambalo ni sehemu ya koti la dunia, lile tabaka nene lililo chini ya ganda. Hudhurungi ni ya nje tu, limepigwa na hewa na mvua. Ukilivunja, ndani ni kijani cha giza. Mwaka 1961 Wamarekani walitia kekee baharini karibu na Meksiko wakitaka kuufikia mpaka huu. Walitoboa mita 183 za sakafu, na mpaka leo hakuna aliyeufikia kwa kutoboa. Mama aliweka mkono mmoja juu na mmoja chini, akasema Subhanallah, akakaa hivyo hivyo muda mrefu. Pembeni mtu amechora jina lake kwa rangi nyekundu. Jambo hili sitalizoea.

Akaniuliza kama kusukumana kumekwisha. Hakujaisha. Bamba la Arabuni bado linakwenda kaskazini, kiasi cha sentimita mbili kwa mwaka, linaikunja Iran na kuiinua milima ya Zagros. Kule Musandam, ncha ya Oman inainama taratibu, na mabonde ya zamani bahari imeshayaingia. Ukipita kwa dau unapita juu yake.

Wakati wa kurudi tulisimama kwenye chemchemi. Maji ya mvua huingia katika nyufa za peridotiti, hukaa humo muda mrefu, na yakitoka huwa yamegeuka kabisa. Ni ya buluu hafifu, na juu yake pana utando mweupe, mwembamba kama malai ya maziwa, ambao hufanyika maji yanapovuta hewa ya kaboni. Wageni wangu huja na vikaratasi vya kupimia. Mama aliinama, akatoboa utando kwa kidole, akayasugua maji kati ya kidole gumba na cha shahada.

"Yanateleza," akasema. "Haya ni kama maji ya majivu, yale tuliyokuwa tukifulia zamani."

Akachota tena, akanishika mkono na kunitilia kiganjani niyasugue mwenyewe.